Jinsi ya Kukagua Kitabu cha Ufundi Kabla Hujakilipia

Vitabu vya kufundisha kazi za mikono havina shida kupatikana Mwanza. Vipo kwenye meza za wamachinga mjini, kwenye steshenari za karibu na vyuo, kwenye viwanja vya Nyamhongolo wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane, na siku hizi zaidi kwenye simu, ambako ukishatuma hela unaletewa softikopi WhatsApp. Shida ni vile vinavyomwacha mnunuzi palepale alipokuwa. Mtu anasoma ufugaji wa kuku kuanzia jalada hadi jalada na bado hajui kuku mia wanataka banda la ukubwa gani. Anajilaumu kwamba hakuelewa, kumbe hakukuwa na cha kuelewa.

Sababu za kitabu kuwa hivyo ni chache na zinajirudia. Mwandishi hajawahi kuifanya kazi anayoifundisha, amekusanya maneno ya wengine. Au anaijua vizuri, ila ameandika kwa ajili ya hali ya hewa, umeme na maduka ya nchi nyingine. Au nakala yenyewe imepungua: kurasa, michoro, rangi. Au kitabu ni tangazo la semina, na kila sura inaishia kwa namba ya simu. Zote hizi zinaonekana ndani ya robo saa, kitabu kikiwa bado ni cha muuzaji. Mwombe tu kwa heshima: "Kaka, naomba nikae nacho kidogo hapa pembeni." Muuzaji mwenye kitabu kizuri hana sababu ya kukataa.

Hatua ya 1: Toka nyumbani na karatasi

Andika kazi moja unayotaka kuifanya, na iwe kazi yenyewe. "Ushonaji" ni neno pana mno. Andika "gauni la kitenge la mtoto wa miaka sita." Badala ya "samaki," andika "bwawa la mita 10 kwa 10 la sato." Chini yake orodhesha vifaa ulivyonavyo: cherehani ya miguu isiyopiga zigizagi, jiko la mkaa lisilo na oveni, mzani wa jikoni kama upo. Mwisho andika swali moja ambalo jibu lake unalijua kwa uhakika. Hilo ndilo swali la mtego, na ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu mwandishi akikosea unachokijua, huna sababu ya kumwamini kwenye usichokijua.

Kama wewe ni mgeni kabisa wa kazi hiyo, beba haya.

Kwa kuku: kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi, likishuka kama nyuzi 3 kila wiki. Ratiba ya chanjo inayotumika sana nchini huanza na kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kisha kideri tena siku ya 21. Kuku wa mayai wa sakafuni, ukiwaweka watano hadi sita kwa mita moja ya mraba, mia moja wanataka mita za mraba 17 hadi 20. Kitabu kinachosema "wape chanjo kwa wakati na banda liwe na nafasi ya kutosha" kirudishe mezani.

Kwa sato wa bwawani: lile bwawa lako lina mita za mraba 100. Ukipanda vifaranga watatu kwa kila mita ya mraba, ni 300. Wakifika gramu 100 kila mmoja, bwawa lina kilo 30 za samaki, na chakula cha asilimia 3 ya uzito ni gramu 900 kwa siku. Kitabu cha kweli kinakupa njia ya kupiga hesabu hii, na kinakuambia upime sampuli ya samaki kila baada ya muda ili urekebishe kiasi. Kibovu kinasema "lisha mara mbili kwa siku" na kuishia hapo.

Hatua ya 2: Ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo

Usikae sana hapa. Tafuta mwaka, mji, mchapishaji na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Namba za Tanzania, baada ya 978, mara nyingi huanza na 9976 au 9987, za Kenya mara nyingi 9966, za Uganda 9970. ISBN haithibitishi ubora, ila inakuambia kitabu kimetoka wapi na kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Tofautisha toleo na chapa. "Toleo la kwanza 1988, chapa ya tano 2019" maana yake ni kwamba unachokisoma kiliandikwa 1988. Kwa useremala hilo si tatizo kubwa. Kwa dawa za mimea, chanjo na umeme, ni tatizo.

Hatua ya 3: Ifuate kazi moja mwanzo mpaka mwisho

Fungua ile kazi uliyoiandika na uisome kama mtu ambaye vifaa viko mbele yake. Kwa kila mstari jiulize: kiasi gani, kwa muda gani, nitajuaje kwamba imekuwa tayari? Mistari mitatu mfululizo ikikosa majibu, kitabu hicho hakifundishi kazi hiyo.

Sabuni ya mche ni mfano mzuri, kwa sababu vitabu vyake ni vingi na vibaya vyake vinachoma ngozi za watu. Sabuni hupatikana mafuta yanapokutana na soda kali, ile wauzaji wanayoiita kostiki. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake. Kilo moja ya mafuta ya mawese inakula takriban gramu 141 za soda. Mafuta ya pamba, ambayo Kanda ya Ziwa tunayo, yanakula kama gramu 138. Ya nazi yanakula zaidi sana, kama gramu 183. Mtengenezaji makini hupunguza asilimia 5 ili soda yote iishe na mafuta kidogo yabaki, kwa hiyo mawese yanashuka hadi gramu 134 na nazi hadi gramu 174. Maji ya kuyeyushia soda ni mara mbili ya uzito wake au zaidi kidogo, yaani kwa kilo ya mawese ni gramu 270 hadi 330.

Sasa rudi kwenye kitabu. Kama kinatoa kipimo kimoja cha soda kwa mafuta ya aina yoyote, mwandishi hajui kazi. Kama kinapima soda kwa vikombe au vijiko, weka chini, kwa sababu punje za soda hazilingani, na kikombe kilekile kinaweza kubeba uzito tofauti leo na kesho. Kama kinasema gramu 200 kwa kilo ya mawese, kuna gramu kama 60 zitakazobaki ndani ya mche bila kazi, na zitamchubua mtumiaji. Kikisema gramu 90, sabuni itabaki laini, yenye mafuta juu, na itaanza kunuka uvundo baada ya muda.

Endelea kwenye usalama. Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda, joto linapanda ghafla na mchanganyiko unaruka usoni. Sufuria ya alumini haitumiki kabisa, maana soda inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma cha pua au ndoo ya plastiki nzito. Sabuni ya kutengeneza bila kupika inahitaji kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kutumika. Kitabu cha sabuni kisichokuwa na mambo haya yote hakifai hata kwa bure, na hapo hatulegezi msimamo, kwa sababu anayekinunua mara nyingi ni mama mwenye watoto wanaozunguka jikoni.

Hatua ya 4: Tafuta mahali kinapoeleza kazi ikiharibika

Mtu aliyeifanya kazi kweli ameona inavyoharibika, na hawezi kuandika kurasa mia bila kugusia hilo. Kwenye ushonaji atakuambia kwa nini vitanzi vinatokea upande wa chini wa kitambaa: mara nyingi uzi wa juu haukukaa kwenye diski za kukazia. Kwenye keki atakuambia kwa nini inatumbukia katikati. Kwenye uyoga atakuambia doa la kijani kwenye mfuko ni kuvu wageni, na kwamba mfuko huo utoke chumbani mara moja kabla haujaambukiza mingine. Kama kila sura inaisha vizuri na mazao mengi na faida kubwa, huyo mwandishi hajashika jembe wala sindano.

Faharasa ya mwisho nayo isaidie. Tafuta tatizo moja kwa jina lake, kwa mfano "kideri" au "mnyauko." Kitabu kinene kisicho na faharasa wala yaliyomo ya kina kitakusumbua siku una kuku wanaokufa na huna muda wa kupekua.

Hatua ya 5: Je, kitabu kinakuhusu wewe wa hapa?

Hapa ndipo vitabu vizuri kabisa vya Ulaya na Marekani, hasa vilivyotumika na vyenye picha nzuri, vinapowaangusha watu. Kitabu ni cha kweli, ila kwa mahali pengine.

Chukua vitunguu. Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Aina nyingi zinazosifiwa kwenye vitabu vya nchi za kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 au zaidi ndipo zitengeneze tunguu. Ukizipanda Kisesa au Misungwi utapata majani mazuri na chini hakuna kitu. Zinazofaa huku ni za mchana mfupi, kama Red Creole. Kwa hiyo kwenye kitabu cha bustani angalia kwanza kama kinataja urefu wa mchana. Pia kikikuagiza kupanda upande wa kusini wa nyumba ili mmea upate jua, elewa kwamba kimeandikiwa kaskazini ya mbali. Kwetu jua la mchana liko karibu utosini. Mwezi wa Juni linaegemea kaskazini na Desemba kusini. Na "panda Aprili" ya Uingereza, mwanzo wa joto lao, haina uhusiano na masika yetu.

Umeme ni wa hatari zaidi. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Vitabu vya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Lakini kinachoua ni rangi za nyaya. Kwenye kitabu cha Marekani waya mweusi ndio wa moto na mweupe ni nyutro. Nyumba za hapa zilizofungwa zamani zilifuata Waingereza: mwekundu wa moto, mweusi nyutro. Zilizofungwa kwa rangi mpya zina kahawia wa moto, bluu wa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Mtu akifuata kitabu cha Marekani kwenye nyumba ya zamani atafunga swichi kwenye mweusi, akijua amekata moto, kumbe amekata nyutro. Taa itazimika vizuri kabisa, lakini holda bado ina umeme, na anayebadilisha balbu hana habari. Kitabu cha umeme kisichotaja nchi yake na kiwango cha rangi usikinunue, na hata kizuri kisikufanye ufungue kisanduku cha mita. Kazi hiyo ina mafundi wenye leseni.

Mapishi yana mitego midogo mingi. "Oveni 350" isiyo na herufi ni farenhaiti, sawa na selsiasi 177. Kikombe cha Marekani ni mililita 240 hivi, na kikijaa unga wa ngano uliochotwa kwa ulegevu ni gramu 120 hadi 125. Kisha kuna mwinuko, jambo ambalo wengi hawalifikirii kwa kuwa tunakaa ufukweni. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96, hayafiki 100. Keki hapa inaumuka haraka na kuanguka. Kwa kila kijiko cha chai cha hamira ya unga (baking powder) ondoa kama thumuni, yaani moja ya nane ya kijiko hicho. Kwa jemu na nyanya za kuhifadhi kwenye chupa, muda wa kuchemsha chupa lazima uongezwe. Kitabu cha kuhifadhi vyakula kisicho na jedwali la mwinuko kimeandikiwa watu wa pwani.

Mbao: "mbili kwa nne" ya vitabu vya Marekani ina milimita 38 kwa 89 baada ya kurandwa. Ya hapa huuzwa ikiwa haijarandwa, karibu na milimita 50 kwa 100, na hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Ukikata viungo kwa michoro ya kitabu bila kupima mbao zako, meza haitakutana.

Kitambaa: kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi. Kitabu kikisema gauni linataka mita 2 za kitambaa cha sentimita 150, hizo ni mita za mraba 3, yaani angalau mita 2.6 za kitenge, na kwa kawaida zaidi, kwa sababu vipande havikatiki katikati. Wafumaji wa kroshia nao waangalie: mshono ambao Wamarekani wanauita single crochet ndio Waingereza wanaouita double crochet. Ukiona neno single crochet ndani, kitabu ni cha Kimarekani. Usipojua hilo, kitambaa cha kochi kitatoka na ukubwa mwingine kabisa.

Hatua ya 6: Kagua nakala iliyo mkononi

Pitisha namba za kurasa haraka, hasa kila baada ya kurasa 16 au 32. Vitabu hufungwa kwa mikunjo ya idadi hiyo, na mkunjo ukikosekana unakosekana mzima. Wakati mwingine mmoja umerudiwa mara mbili na mwingine haupo. Kitabu cha ushonaji kilichotumika kikunjue nyuma, kwenye mfuko wa jalada: karatasi za patani zipo, au mfuko ni mtupu?

Fotokopi ina ubaya wake maalumu. Rangi zikipotea, mchoro wa nyaya nyekundu na nyeusi unakuwa wa nyaya mbili nyeusi, na picha ya jani lenye ugonjwa inakuwa jani tu. Kwa patani, tafuta kile kisanduku cha kupimia, mara nyingi cha sentimita 5, na ukipime kwa rula. Mashine za fotokopi hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Kisanduku kikiwa sentimita 4.7, patani yote imepungua asilimia 6, na kiuno cha sentimita 70 kimekuwa 65.8. Hili linatibika: mwambie mwenye steshenari akutolee upya kwa asilimia 106, kisha pima tena.

Hatua ya 7: Softikopi na vitabu vya kuagiza

Usilipe kwa kuona jalada. Omba yaliyomo, kisha uchague wewe kurasa za kuonyeshwa: "Dada, naomba picha ya kurasa mbili za sura ya tatu, pale anapoeleza vipimo." Akikutumia utangulizi tena, umeshajibiwa. Uliza idadi ya kurasa na ukubwa wa maandishi. Kuna softikopi za kurasa 60 ambazo zikipangwa vizuri hazifiki 20.

Tangu programu za akili bandia zinazoandika zenyewe zienee, kuna vitabu ambavyo hakuna binadamu aliyevisimamia. Mwaka 2023 chama cha wapenzi wa uyoga cha New York, New York Mycological Society, kilionya watu kuhusu vitabu vya namna hiyo vinavyouzwa mtandaoni kufundisha uyoga wa kuliwa, jambo ambalo kosa lake ni kifo. Dalili zake: mwandishi mmoja ana vitabu vingi vya mwaka mmoja kuhusu nyuki, umeme, keki na upigaji picha, sentensi zilezile zinarudi sura hadi sura, picha zina mikono au vifaa ambavyo havishikiki, na vipimo hakuna, au vinapingana kati ya ukurasa na ukurasa.

Kitabu kinachokuja na basi kutoka Dar es Salaam, omba picha za nakala hiyohiyo, na ujumlishe gharama ya mzigo kwenye bei. Kubalianeni kabla kwa maandishi nani atalipia kukirudisha kikiwa na kurasa pungufu. Baada ya kulipa, mazungumzo hayo huwa magumu.

Kabla hujatoa hela, linganisha

Maktaba ya Mkoa inaweza kuwa na kitabu hicho au kinachokishinda. Kiazime kwanza, na kama utajikuta unakirudia mara kwa mara, ndipo ununue. Kwa samaki, chuo cha uvuvi FETA kipo Nyegezi. Kwa mazao, kituo cha utafiti cha TARI kipo Ukiriguru, na vipeperushi vinavyotolewa Nanenane mara nyingi vina vipimo vya udongo wetu kuliko kitabu cha bei kubwa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana mafunzo ya mikono. Tunapendelea kitabu chembamba cha kazi moja kuliko kinene cha "biashara 50": kurasa 200 kwa kazi 50 ni kurasa nne kwa kila kazi, na sabuni peke yake haitoshi kwenye nne.

Ukishauziwa kibovu

Kama kasoro ni ya nakala, yaani kurasa zimekosekana au zimerudiwa, kirudishe mapema, kikiwa hakijaandikwa wala kukunjwa, pamoja na risiti. Kama kasoro ni ya mwandishi, muuzaji hana kosa, lakini wengi hukubali ubadilishane na kingine ukiongeza kidogo.

Kikibaki kwako, kitenganishe. Michoro na picha zinaweza kuwa nzuri hata maneno yakiwa mabovu. Chukua penseli, kaa na fundi au mfugaji anayeijua kazi, mpitie sura moja tu, na kila palipoandikwa "kiasi cha kutosha" andika kiasi chenyewe pembeni, pamoja na tarehe na aina ya kifaa au mafuta mliyotumia. Palipo na kosa la hatari, kama soda au nyaya, piga mstari wa wino mwekundu ukurasa mzima kabla hujamwazima mtu mwingine.